Gari likilala miezi minane Kigamboni: unyevu, panya na zile dakika tano za Jumamosi

Swali: "Mwishoni mwa Februari naondoka kwenda Finland kwa masomo, narudi mwishoni mwa Oktoba. Nina Toyota IST ya cc 1500, petroli, otomatiki. Itakaa kwa shemeji yangu Kigamboni, chini ya banda la mabati, kama nusu kilomita kutoka baharini. Shemeji amesema nisiwe na wasiwasi, ataiwasha dakika tano kila Jumamosi. Mtandaoni nimekuta maelekezo marefu ya Wazungu ya kulaza gari majira ya baridi. Yanatufaa sisi, au nimwachie tu shemeji funguo?"

Mshukuru shemeji kwa moyo wake, kisha umwombe hizo dakika tano za Jumamosi aziache kabisa. Zinafanywa kwa nia njema, lakini zinakula gari kimyakimya.

Tatizo ni maji. Petroli ikiungua hutoa mvuke, na si kidogo: kila lita moja inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Ukiwa barabarani huyaoni kwa sababu eksozi imeshapata moto na mvuke wote unatoka nje. Injini ikiwashwa baridi na kuzimwa baada ya dakika tano, silensa huko nyuma bado ni vuguvugu tu. Mvuke unageuka matone humo ndani na kukaa hadi Jumamosi inayofuata, na silensa inaoza kuanzia ndani. Kuna mvuke mwingine unaopenya kando ya pistoni pamoja na petroli mbichi, maana injini baridi hupewa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuyachoma vizuri. Vyote hivyo vinashukia kwenye oili. Betri nayo inanyonywa kidogokidogo wiki nzima, inatoa umeme wa kupiga staa, halafu altaneta inapewa dakika tano za sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) kuurudisha wote. Haitoshi. Kutoka Februari hadi Oktoba ni Jumamosi thelathini na tano hivi, na kila moja inakuachia betri ikiwa imepungua kidogo kuliko ilivyokuwa.

Kama shemeji ana leseni na bima yako inamfunika, kitu mbadala chenye maana ni aliendeshe kwelikweli: kila wiki mbili au tatu, kilomita 20 hadi 30 bila kukatisha, gia zote zikipita na breki zikifanya kazi. Atoke njia ya Kibada kuelekea Mwasonga, asiende kukaa kwenye foleni ya kivuko. Akiweza hilo, nusu ya ninayoeleza hapa chini huyahitaji. Asipoweza, gari lilazwe lilale, lisiguswe.

Maelekezo ya Wazungu yanafaa, ila yamejengwa juu ya hofu mbili: maji kuganda na kupasua injini, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. La kwanza halikuhusu. La pili linakuhusu kwa njia nyingine, kwani chumvi ya Kigamboni inakuja na upepo wa bahari na haina msimu. Halafu wao wanalaza gari kwenye gereji kavu na yenye baridi. Wewe unalilaza kwenye joto, na masika yote, Machi hadi Mei, yatapita juu yake. Joto linaharakisha kutu, linaharakisha betri kujimaliza yenyewe, na linafuga ukungu. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kulaza gari likiwa kavu na kulifanya libaki kavu.

Anza na mahali. Banda la mabati ni jema, lakini nenda ukaliangalie mvua ikinyesha, au muulize shemeji maji yanapita wapi. Sakafu ikiwa ni udongo, unyevu utapanda kutoka chini usiku na mchana na kushika chesi. Tandika nailoni nzito ya ujenzi, kipande kimoja kinachozidi gari nusu mita kila upande, na juu yake uweke mbao pale matairi yatakapokanyaga. Gari lisiwe chini ya mnazi. Lisiwe karibu na jiko la mkaa wala jenereta, kwa sababu utaliacha na tangi lililojaa petroli. Na kama shemeji anafuga kuku, wazuiwe: kuku hupenda kulala juu ya boneti, na kinyesi cha ndege kikikaa kwenye rangi kinaila.

Siku moja au mbili kabla ya kulilaza, lioshe, na nguvu nyingi iende chini ya gari kuliko juu. Fungua matao ya matairi, piga maji kwenye mikono ya sospensheni, kingo za milango kwa chini, na nyuma ya bampa. Uliza maji ya hapo yanatoka wapi. Visima vingi vya Dar, hasa vya pwani, vina maji ya chumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kulipaka kile unachojaribu kukitoa. Tumia maji ya Dawasa au ya mvua. Ukimaliza, pitisha kidole kwenye vitundu vidogo vilivyo chini ya kila mlango, na uondoe majani yote yaliyojikusanya chini ya kioo cha mbele, pale zinapokaa wipa. Pakiziba hapo, maji ya masika yanaingia ndani kwenye kapeti, na utakuta harufu ambayo hakuna manukato yatakayoificha. Kisha liendeshe dakika 30 hivi likauke. Usilioshe na kulifunika papo hapo.

Katika safari hiyo ya kukausha, dakika kumi za mwisho zima AC, acha feni ipulize kwa nguvu na weka joto. Unakausha kisanduku cha AC kilicho ndani ya dashibodi, ambako ndiko ukungu huanzia. Ukifika bandani, geuza swichi ya hewa iwe ya kuzungusha hewa ya ndani, kabla hujazima. Kile kimlango kinachofunga hewa ya nje ndicho pia kinachomfungia panya njia.

Oili ibadilishwe kabla ya kulala, si baada ya kuamka. Watu wengi wanapanga kinyume, wakiona ni hasara kuweka oili mpya ambayo haitatumika. Lakini oili iliyotembea kilomita 4,000 ina tindikali na maji ya mwako, na hutaki mchanganyiko huo uogeshe vyuma vya injini kwa miezi minane. IST ya cc 1500 yenye injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadili na filta. Ukishamwaga na kujaza, endesha hata kilomita tano ili oili safi ifike kila mahali.

Kwenye rejeta, fungua kifuniko injini ikiwa imepoa kabisa na utazame rangi. Ukiona kahawia ya kutu, ina maana fundi fulani aliwahi kujaza maji ya bomba. Mwaga, suuza mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti iliyochanganywa tayari, au kulanti nzito nusu kwa nusu na maji safi ya kuongezea betri (distilled), si asidi. Kulanti huku haitumiki kuzuia barafu. Inatumika kwa dawa iliyomo ya kuzuia kutu, na dawa hiyo ndiyo italinda pampu ya maji na rejeta lako.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji hayo huozesha silinda za breki kwa ndani. Kama yana zaidi ya miaka miwili, au hujui yana umri gani, yabadilishwe yote, si kuongezewa juu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake.

Tangi lijaze mpaka pampu ikate yenyewe. Tangi likiwa nusu, nusu nyingine ni hewa yenye unyevu wa pwani, inayoingia na kutoka kadiri joto la mchana na ubaridi wa usiku vinavyopishana. Petroli yenyewe huchacha: sehemu nyepesi zinapotea, zinazobaki zinashikana na oksijeni na kuacha utomvu unaoziba nozeli. Kwa miezi minane, dawa ya kutunza petroli inalipa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, imimine kwanza tangini, kisha ndipo ujaze mafuta juu yake ili ichanganyike, na endesha dakika kumi angalau ili petroli yenye dawa ifike kwenye nozeli. Weka mafuta kwenye sheli yenye wateja wengi, ambako hayakai muda mrefu. Wenye dizeli wanaosoma hapa wajaze tangi vilevile, na wamwage maji yaliyokaa chini ya filta ya dizeli, kwa sababu vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana na kutengeneza ute mweusi.

Sasa betri, ambayo ndiyo hufa ya kwanza.

Gari lililozimwa halijazimika. Alamu, saa, kompyuta na redio vinaendelea kunyonya. Chukua mfano wa miliampea 30, kiasi cha kawaida kwa gari lisilo na hitilafu: kwa siku ni ampea-saa 0.72. Betri ndogo ya ampea-saa 40 itabaki nusu ndani ya wiki nne na kwisha kabla ya miezi miwili. Ukiwa umefunga kifaa cha kufuatilia gari, punguza muda huo. Na betri ya asidi ikikaa bila chaji, sahani zake huota chumvi ngumu ya risasi, ambayo chaja haiwezi kuiyeyusha tena. Ndiyo maana betri iliyokaa tupu miezi sita haifufuki hata ikilala kwa fundi siku tatu.

Kama hapo bandani kuna umeme wa uhakika, nunua chaja ndogo ya kutunza betri, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Chaja ya kawaida ya gereji ikiachwa miezi itaichemsha betri mpaka ikauke. Kama umeme hauko, ing'oe betri, uiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa, mbali na watoto, na shemeji aipeleke kuchajiwa kila baada ya miezi miwili. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya kumpa badala ya Jumamosi zake. Mpe mita ya kupimia volti: ikisoma 12.6 au zaidi betri imejaa, 12.4 ni wakati wa kuchaji, 12.2 imeshuka nusu na amechelewa. Ile imani kwamba betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji inanyonywa chaji ilikuwa na maana enzi za makasha ya mbao na raba. Makasha ya plastiki ya leo hayana shida hiyo.

Kuing'oa kuna utaratibu wake. Spana namba 10, anza na waya wa hasi, kisha wa chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza. Ukianza na chanya halafu spana ikagusa bodi, utaona cheche za kulehemu mkononi mwako. Kabla hujagusa chochote, fikiria mambo mawili. Redio nyingi zilizokuja na magari ya Japani, hasa zenye ramani, zikikosa umeme hujifunga na kudai kadi yake ya ramani au namba ya siri. Kama yako ni ya aina hiyo na kadi ilishapotea, ni afadhali utumie chaja ya kutunza kuliko kukata umeme. La pili, bila betri rimoti haifungui mlango. Jaribu leo kama funguo ya chuma inazunguka kwenye kitasa cha dereva. Vitasa ambavyo havijawahi kutumika hushika kutu, na hutaki kuligundua hilo Oktoba.

Breki ya mkono usiipandishe. Kwenye hewa ya bahari, viatu vya breki za nyuma vinashikana na ngoma kwa kutu, na kuvibandua kunaweza kung'oa bitana yake. Weka gia kwenye P, kisha kinga matairi kwa vipande vya mbao mbele na nyuma.

Matairi yapeleke kwa fundi pancha ukayaongezee upepo hadi psi 40, mradi usizidi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Tairi hupoteza kama psi moja au mbili kwa mwezi, hivyo ukiliacha na upepo wa kawaida utalikuta limebonyea. Njia bora zaidi ni kulinyanyua juu ya stendi nne za chuma, na stendi zikae chini ya mikono ya sospensheni na ekseli ya nyuma, si chini ya bodi. Magurudumu yakining'inia miezi minane, raba za bushi zinakaa zimejikunja na shokomzoba zimenyooka zote nje. Tofali usitumie kamwe. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa dalili, na siku hiyo anaweza kuwa mtoto yuko chini akitafuta mpira wake. Kama huna stendi, acha gari chini na upepo huo wa psi 40. Ubapa mdogo utakaotokea kwa kawaida hupotea baada ya kilomita 20 au 30 za mwendo.

Panya wanastahili aya yao. Hawaji kwa ajili ya mabaki ya chipsi tu, ingawa ukiyaacha utakuwa umewaalika. Wanataka mahali pakavu pa kuzalia, na kisanduku cha filta ya hewa, chenye karatasi laini tayari, ni nyumba iliyokamilika. Waya za injini wanazitafuna kunoa meno, na ukarabati wake unaweza kukugharimu kuliko betri na matairi kwa pamoja. Ziba mdomo wa bomba linalovuta hewa na mdomo wa eksozi kwa wavu mgumu wa chuma au stiliwaya iliyobanwa vizuri. Kitambaa hawakihesabu. Tega mitego kuzunguka gari, na usiweke sumu ndani yake: panya aliyekula sumu huenda kufia gizani, na giza la karibu ni mifereji ya AC. Kisha andika kwenye karatasi kubwa "EKSOZI NA HEWA VIMEZIBWA" na uifunge kwenye usukani. Ukikosa karatasi hiyo, wewe au shemeji mtapiga staa mkishangaa mbona injini haivuti.

Ndani ya gari toa kila kitu: kapeti za raba, miavuli, nguo, tairi la akiba litazame pia, maana shimo lake hukusanya maji. Futa usukani na viti kwa kitambaa kisicho na mafuta ya kung'arisha, kwa kuwa jasho na vumbi ndivyo chakula cha ukungu. Weka vipakiti vikubwa vya silika, vya nusu kilo viwili au vitatu, ambavyo shemeji anaweza kuvikausha kila anapopeleka betri. Mkaa kwenye beseni hupunguza harufu, lakini kwa unyevu hausaidii sana. Vioo viache wazi unene wa kidole kimoja, ikiwa banda halipenyezi mvua na umebandika wavu wa mbu kwa ndani.

Kwa juu, kava la kitambaa kinachopumua. Turubai la plastiki ni kosa la kila mtaa: linafungia mvuke chini yake, na upepo wa kusi ukilipeperusha linasugua rangi kama msasa, kwa sababu mchanga unanasa katikati. Chini ya banda, hata shuka kuukuu za pamba ni bora kuliko turubai.

Karatasi ni fupi. Ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, hivyo gari lililolala halikusanyi deni hilo. Faini na madeni ya maegesho yalipe kabla hujapanda ndege. Bima kubwa usiiache ife, kwani wizi na moto havisubiri gari liwe barabarani. Iarifu kampuni kwa maandishi gari litakuwa wapi na funguo anazo nani. Kadi ya gari isibaki ndani ya gari.

Neno kwa wenye haibridi: betri kubwa nayo hupungua ikiwa imekaa, na haichajiki kwa chaja ya dukani. Liendeshwe angalau nusu saa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kulilaza miezi minane bila kuguswa si wazo zuri.

Ukirudi Oktoba, usikimbilie funguo. Toa wavu wote, fungua kisanduku cha filta, tazama waya na mkanda, angalia chini kama kuna tone la kitu chochote, pima oili, kulanti na mafuta ya breki. Shusha upepo wa matairi hadi kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Rudisha betri iliyojaa. Kisha chomoa fyuzi ya EFI (ile ya mfumo wa kuingiza petroli kwenye injini) na upige staa sekunde tano, mara mbili au tatu, ukipumzika katikati. Injini haitawaka, lakini pampu itakuwa imepandisha oili juu kabla ya moto wa kwanza. Rudisha fyuzi, washa, na usikanyage mafuta. Sailensa inaweza kuyumba dakika kumi za mwanzo kwa sababu kompyuta imesahau ilichokuwa imejifunza, iache ijitafute.

Gari likigoma kusogea, ni pedi zimeshikana na diski. Lisukume taratibu mbele na nyuma, usilazimishe kwa mafuta. Mita chache za kwanza breki zitakwaruza na kutoa vumbi la kutu. Kanyaga mara nyingi kwa wepesi, uani humohumo, mpaka ziume sawasawa magurudumu yote, ndipo utoke getini.